Kamati ya Kuichunguza Randa

Wakazi wote wa nyumba hii mnatangaziwa kwamba Kamati ya Kudumu ya Kuchunguza Giza imeundwa, nami nimo, kwa rehema za Mungu. Mwenyekiti ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyechaguliwa kwa kura moja, yake. Katibu ni mpangaji wetu, mshonaji. Mimi nafungua kikao kwa sala, kisha nanyamaza.

Giza lenyewe ni la asubuhi. Mwanangu, seremala, akiwasha randa yake ya umeme uani, haichukui muda, swichi kuu ya ukutani inajiangusha, tak! Cherehani kimya, redio kimya. Jua linawaka, lakini kikaoni tunaita giza.

"Mtuhumiwa ni randa," Mwenyekiti alisema. "Ikinguruma tu, umeme unakufa. Mnataka ushahidi gani tena?"

"Baba mdogo, kitanda cha maharusi kinatakiwa Jumamosi," mwanangu alisihi. "Mbao bado zina miiba kama samaki. Nikiwaangusha hawa, nani atanipa kazi tena?"

"Walale chini. Adamu na Hawa walikuwa na kitanda?"

Tukafanya jaribio rasmi alasiri, Mwenyekiti akiwa ameshiba. Randa ikaranda ubao mzima. Swichi haikutikisika.

"Mbona haizimi?" aliuliza Katibu.

"Imetuona! Mwizi huiba mbele ya polisi?"

Ikaamuliwa kwamba randa ina tabia ya kujifanya njema mbele ya wageni. Ikawekwa kizuizini, chini ya kitanda cha Mwenyekiti. Mwanangu akabaki kuziangalia mbao zake kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake shemeji aliamka jua limepanda, taulo begani.

"Leo nimelala! Siku zote hilo liranda ndilo hunitoa kitandani, naenda kuoga na usingizi wangu."

Akaingia bafuni kwake, akawasha hita yake ya maji, ambayo sisi wengine tunaisikia tu. Tak!

"Nani kawasha randa?" alifoka humo ndani.

"Shemeji, randa iko chini ya kitanda chako."

"Basi imewashwa hukohuko!"

Katibu aliinua swichi. Ikaanguka. Akamwambia azime hita; akaiinua tena, ikakaa. Akamwambia awashe. Tak! Katibu akanitazama. Mimi nikatazama juu, nikamshukuru Mola bila kutoa sauti.

"Nina povu machoni! Kamati ifanye kitu!"

"Kamati haiwezi kukaa bila Mwenyekiti," Katibu alijibu. "Toka kwanza, Mheshimiwa."

Hakutoka. Ikabidi hita izimwe na swichi iinuliwe. Mwanangu hakungoja kikao: aliivuta randa uvunguni, akaichomeka uani, na maranda yakaanza kuruka, meupe, marefu, yananukia. Swichi imesimama kama askari. Nikachukua ufagio, Jumamosi haikuwa mbali.

Povu nalo haliachwi likaukie machoni. Shemeji alijimwagia maji ya baridi, na sauti iliyotoka bafuni iliifunika randa kabisa. Jirani akaja mbio hadi mlangoni.

"Jamani, mmenunua mashine gani tena hiyo?"

"Huyo ni Mwenyekiti," Katibu akamwambia. "Hatumii umeme."