Nilivyomhubirisha Mgeni Rasmi kwa Gitaa la Marehemu

Leo nimeaibika. Na kabla hamjaanza maneno: hapana, sikukosea nota hata moja. Nilipiga vizuri. Tatizo ndilo hilo.

Mnalijua gitaa jekundu la marehemu Mzee Bujiku. Nani hapa Mwanza halijui? Gitaa la umeme lililochezesha harusi za wazazi wetu mpaka Magu huko, rangi yake imeliwa upande mmoja na kiwiko cha mwenyewe, na likianza tu kulia wazee wanaacha soda mezani. Tangu azikwe, familia imelifungia ndani. Leo ndiyo wamelitoa, kwenye tamasha la hisani pale ufukweni, kuchangia vitanda vya wodi ya wazazi ya zahanati moja ya kijijini. Wakaitwa mastaa: wazee wa bendi za zamani, vijana wa Dar na miwani yao ya jua, kila mmoja apige wimbo mmoja kwa gitaa lile lile.

Na mimi. Masalu, mpiga gitaa wa kanisani. (Msiulize maswali. Niliitwa kuwakilisha makanisa.) Tena mimi ndiye nafungua!

Sasa baba. Baba yangu analima mpunga Magu, na hajawahi kunisikia nikipiga gitaa hata siku moja. Kanisani kwao ni ngoma na kayamba. Kwake gitaa ni kitu cha walevi, na mimi ni mtu mzima ninayechezea nyuzi badala ya kutafuta kazi. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Safari hii akakubali kwa sababu Bujiku alipiga kwenye harusi yake. Jana akalala kwangu Buswelu, leo akavaa lile koti lake la harusi na misiba. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, "Marahaba. Leo nitakusikiliza. Ukipiga upuuzi nitakwambia."

Nilikuwa na haja moja tu leo: baba anisikie.

MC akanikalisha kwenye stuli jukwaani, hatua chache nyuma ya kipaza sauti. "Kaa hapa na gitaa tayari. Mgeni rasmi anaongea kidogo tu. Akisema 'nimezindua rasmi', wewe unaingia hapohapo." Fundi mitambo akachomeka waya, akafungua sauti, akaninyooshea dole gumba. Kumbukeni hilo. Sikujichomeka mwenyewe!

Mgeni rasmi akasimama. Mheshimiwa mmoja mpole, hotuba kavu kama michembe, vile viazi vya kuanikwa juani. "Ndugu wananchi, itakumbukwa kwamba..." Watu wakaanza kutazama ziwa.

Hapa lazima niwaeleze kazi yangu, maana wengine mnasali pasipo na vyombo. Mchungaji akifungua mdomo, mimi napiga chinichini. Akishusha sauti, nashuka. Akipandisha, napanda naye. Sifikirii. Miaka yote hii, kila Jumapili, mtu akisimama mbele yangu na kipaza sauti, vidole vinaanza vyenyewe.

Vikaanza.

Naapa sikujua. Nilisikia gitaa tamu linalia taratibu, nikageuka kutafuta nani anampigia mheshimiwa. (Ndiyo. Niligeuka.) Nilipogundua ni mimi, nikataka kuacha. Lakini muda huohuo mheshimiwa akashusha sauti: "Mama zetu... wanajifungulia sakafuni." Mtu akishusha sauti namna ile, unamwachaje hewani? Huo si ukatili?

Mama mmoja katikati ya watu akaguna: "Yesu wangu!"

Mheshimiwa akainua kichwa. Akatazama karatasi. Akatazama watu. Akajaribu tena, safari hii kwa nguvu kidogo: "Nasema, sakafuni!"

"Amina!"

Jamani, nadhani huyu mtu maisha yake yote hajawahi kuitikiwa kwenye hotuba. Akakunja karatasi akaitia mfukoni. Akachomoa kipaza sauti. Akaanza kutembea!

"Mwambie jirani yako: kitanda!"

"Kitanda!"

"Hujamwambia vizuri! Mwambie: kitanda chako kiko njiani!"

Nami nikapanda. Ningefanyaje? Anapanda, napanda. Leso zikatoka. Mheshimiwa anafuta jasho kwa tai. Kisha akafumba macho, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Kuna mtu hapa. Moyo wake unamwambia toa. Anajijua. Inuka, ndugu yangu, njoo mbele." Nikashuka naye polepole, nikapiga zile nota za kuwatoa watu kwenye viti. (Nazijua. Ndiyo kazi yangu.)

Watu wakaanza kuja. Yule mama wa "Yesu wangu" ndiye wa kwanza. Na nyuma yake, kofia mkononi, koti la harusi na misiba, baba.

Baba yangu halii. Mafuriko yalichukua mpunga wote hakulia. Leo analia mbele ya mastaa, kapiga magoti, mheshimiwa kamwekea mkono kichwani (mheshimiwa! mtu wa ofisini!), na ananyooshewa kipaza sauti, anasema: "Natoa maksai wangu mmoja."

Maksai wake wako wawili. Ndio wanaovuta jembe. Mmoja havuti peke yake!

Vidole vikaganda. Muziki ukakatika katikati, spika zikapiga yowe.

Mheshimiwa akafumbua macho kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akauona mkono wake uko juu ya kichwa cha mzee asiyemjua. Akauondoa taratibu. Akageuka, akaniona. Na uwanja mzima ukafuata macho yake.

"Kijana," akasema, na kipaza sauti bado kiko wazi, "ulikuwa unanifanyia nini?"

"Nilikuwa nakusindikiza, mheshimiwa."

"Kwani nilikwambia naogopa?"

Uwanja ukaangua kicheko. MC akaruka jukwaani. "Samahani sana mheshimiwa, huyu ni wa kanisani, hajui itifaki! Ahadi zote zinabaki palepale!" Akanivua gitaa shingoni mbele ya watu wote, kama mtoto anayenyang'anywa kisu. Akampa kijana mmoja wa Dar. Naye akapiga wimbo wangu! Vibaya! Hata pa kuingilia hakupajua! Wakamshangilia!

Sasa niambieni kosa langu. Vitanda vimepatikana kabla tamasha halijaanza, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Masalu, asante." Mheshimiwa anapigwa picha na akina mama. Mimi fundi mitambo ananikwepa, yeye aliyenichomeka. Nimekasirika mpaka sasa hivi.

Nikashuka nikaenda kukaa kando ya baba. Alikuwa bado anajifuta machozi. Nikajipa moyo: haidhuru, nyimbo zitaharibiwa, maksai ataondoka, lakini baba kanisikia.

"Yule mheshimiwa ana upako," akasema. "Sijawahi kuguswa vile. Haya, na wewe unapiga saa ngapi?"

"Nimeshapiga, baba."

"Lini? Nimekuona umekaa tu na gitaa la watu, wakaja wakakunyang'anya."

"Wakati anaongea, baba. Ule muziki uliokutoa kwenye kiti."

Akanitazama kwa huruma, jinsi anavyomtazama ndama mgonjwa.

"Muziki gani?"

Naombeni msicheke. Na Jumapili hii siendi kanisani: mchungaji ahubiri kavukavu, tuone nani atalia.