Malalamiko Juu ya Vidole Kumi

Karakana ya Pamoja,
Kidahwe.
11 Agosti 1997

Kwa Ndugu Mratibu wa Mradi,
Kigoma Mjini.

YAH: MAMA HONORATA NA UHABA WA MAJERAHA KARAKANANI

Ndugu Mratibu,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta na afya njema na vidole vyako vyote, jambo ambalo kwa mtu wa ofisini si aibu. Kwa fundi seremala ni habari nyingine, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Utakumbuka kwamba mlipotuletea ule msumeno wa meza, ili wenyeji na wakimbizi tutengeneze madawati pamoja, mlimleta na Mama Honorata, mkimbizi kutoka Rumonge, ng'ambo ya mpaka, awe mwalimu wetu. Mimi niliyepasua mbao kwa msumeno wa mashine pale Ujiji tangu yeye hajazaliwa mkanifanya msaidizi wake. Nilikubali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajiambia. Lakini sasa mwenyeji anapona kupita kiasi, na nalalamika kama ifuatavyo.

1. Anachelewesha kazi. Kabla mashine haijawashwa anatupanga mstari kama watoto wa chekechea, anakagua mikono ya shati, saa na rozari. Hata tasbihi ya mwanafunzi wetu Mudathir ilibidi iende mfukoni. Kisha anaushusha msumeno mpaka meno yachungulie kidogo tu juu ya mbao. Sisi kule Ujiji tulizoea kuupandisha wote, mteja aone mali. Na hakuna ruhusa ya kusimama nyuma ya mbao inayokatwa. Lazima ukae kando, kana kwamba unaiogopa. Tukiharakisha anasema "buhoro buhoro", yaani polepole, neno ambalo sisi Waha tunalielewa vizuri sana na hatukulipenda hata lilipotoka kwa mama zetu.

2. Anabagua mikato. Mbao ya kuchanwa kwa urefu, anasema, iegemee ile reli ya pembeni. Mbao ya kukatwa kwa upana iongozwe na kile kibao kinachoteleza mezani. Kuvitumia vyote viwili kwa pamoja ni marufuku, maana kipande kitabanwa kati ya reli na msumeno, kisha kirudi kwa hasira. Siku moja mama huyu alipokwenda zahanati, fundi mwenzangu Feliksi aliamua kuvitumia vyote ili apate usalama mara mbili. Kipande kiliruka, kikapita dirishani, kikatoboa sufuria ya maharage ya mawese iliyokuwa jikoni nje. Hatukula. Mama Honorata aliporudi hakugomba hata kidogo. Alikiokota kile kipande akakiweka juu ya rafu, na mpaka leo mtu akianza papara, yeye hukitazama tu. Huo kwangu ni ukatili.

3. Ametugawia vijiti. Mbao nyembamba haisukumwi tena kwa mkono, ila kwa kijiti chenye pengo mwishoni. Mimi mtu mzima, mwenye wajukuu, nasukuma mninga kwa kijiti kama bibi harusi anayeogopa mvuke wa ugali. Na mbao iliyopinda haigusi meza mpaka inyooshwe kwanza upande mmoja kwa randa, eti itatikisika na kuubana msumeno. Mzee Martini alikuja na ubao wake uliojikunja kama samaki mgebuka kikaangoni, akarudishwa nao nyumbani kwa maneno ya heshima. Zamani ningemkatia palepale, nimeukandamiza kwa goti.

4. Hapa ndipo penye jeraha lenyewe: tangu mama huyu aje, hakuna aliyekatwa. Edson wa zahanati, aliyekuwa akitushona, sasa anafuga kuku. Wewe umehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, pengine hujui desturi yetu. Mteja wa Ujiji hamwulizi fundi cheti. Humpa mkono. Akiukuta una mapengo, moyo wake hutulia, akaagiza kitanda. Mkono wangu wa kulia hauna gumba wala kidole cha shahada, na kwa mkono huohuo nimepewa milango ya msikiti na madhabahu ya kanisa. Feliksi ana mapengo kunizidi, ndiyo maana sokoni anaamkiwa kabla yangu. Sasa watazame vijana. Oswald amehitimu, anachana mbao ikanyooka kama uzi, lakini ana vidole kumi. Wateja wanamwuliza ataanza kazi lini. Siku hizi akienda kuonana na mteja hufunga bandeji kidole kizima, na akipeana mkono hukunja uso kidogo.

5. Ameniaibisha mimi binafsi. Siku ya kwanza nilimpa mkono ili ajue anazungumza na nani. Hakushtuka, wala hakunipa pole. Aliushika, akaugeuza, akauliza, "Mzee, ilikuwa kuchana au kukata?"

Nikamjibu kuchana, kipande chembamba. Akasema, "Kidole si ada ya shule, Mzee wangu."

Ndugu Mratibu, miaka yote hii watu wameniuliza kama iliuma. Hakuna aliyewahi kuniuliza ilitokeaje. Nilikuwa nimezoea kusema ni kazi ya Mungu, nikastarehe. Mama huyu ameniletea habari kwamba ilikuwa kazi ya kijiti ambacho sikuwa nacho. Hilo limeniuma kuliko msumeno.

Kwa hayo yote naomba ahamishwe haraka. Ikishindikana, basi kila mhitimu apewe cheti kinachotaja kidole ambacho angekipoteza kama angefundishwa na mimi, kipigwe mhuri, wateja wapate imani.

Wasalimie wote hapo ofisini, na dereva wenu aliyelileta lile jenereta. Mke wangu Selina anakusalimu, na Feliksi anakupungia mkono, kwa kadiri ulivyobaki.

Ni mimi mwenye malalamiko na mapengo,

Fundi Leodgar

Tanbihi: Mwandiko huu mzuri si wangu, kwa kuwa kalamu hainikai mkononi. Ni wa binti yangu Asnath. Ameandika yote niliyotamka bila kupunguza, ingawa alicheka hapa na pale, na kwenye namba tano alisimama kidogo. Jumatatu ijayo anaanza mafunzo ya msumeno. Kwa hiyo naomba uhamisho wa Mama Honorata usubiri mpaka Asnath amalize. Na akimaliza, mdogo wake naye anataka. Kijiti cha Asnath nimekichonga mwenyewe kwa mninga. Nilimwambia alaze mkono juu ya ubao, nikauzungushia penseli kwa mkono wangu wa kushoto ili nipate kipimo. Nilipomaliza ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimesahau mkono mzima unavyokaa. Mwambie Mama Honorata aurudishe mkono wa Asnath hivyohivyo.