Taarifa ya Kamati ya Figo Zilizohama

Umma unatangaziwa kwamba Kamati Kuu ya Uratibu wa Figo Zilizohama imemaliza mwaka wake wa kwanza kwa mafanikio ambayo hata sisi wenyewe hatukuyatarajia. Mimi ndiye katibu wake. Wenye wivu wanasema kamati hii ilizuka tu kama uyoga. Si kweli, ilizuka baada ya vikao tisa.

Kazi yetu ilikuwa nzito. Korona ilipopamba moto, madaktari walianza kusema kwamba mtu aliyepandikizwa figo humeza dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ile, na dawa hizohizo humpunguzia kinga. Kwa hiyo chanjo mbili zinazomtosha jirani yake, yeye hazimtoshi. Anahitaji ya tatu. Wizara ikaona jambo zito namna hii haliwezi kuachiwa madaktari. Kila anayetaka dozi ya tatu akatakiwa kuidhinishwa na kamati, ana kwa ana, katika chumba chetu cha mikutano, ambacho madirisha yake hufungwa ili siri za wananchi zisitoke.

Mwombaji wa kwanza kuitwa alikuwa mama mmoja, fundi cherehani. Figo alipewa na mdogo wake wa kiume, seremala. Siku hiyo tulikuwa wajumbe saba tumebanana kwenye meza ya watu wanne, na Mwenyekiti alikuwa anakohoa tangu asubuhi, kikohozi cha kawaida cha uongozi. Fundi alichungulia mlangoni na barakoa yake, akatuangalia mmoja mmoja, akazunguka nje na kugonga kioo. Ikabidi nifungue dirisha.

"Ingia ndani, mama," Mwenyekiti akamwambia.

"Nashukuru, mheshimiwa. Hapahapa pananitosha."

"Kikao kiko ndani."

"Nakiona. Ndiyo maana nimebaki nje."

Nilimpitishia daftari la mahudhurio dirishani akaweka saini, kwani kiofisi asiyesaini hayupo hata kama unamwona. Mwenyekiti akafungua faili.

"Mdogo wako alichanjwa lini?"

"Kabla ya upasuaji. Mara mbili."

"Na hiyo figo wakati huo ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa kwake. Ingekuwa wapi tena?"

"Basi ilichanjwa naye. Mbili. Ikahamia kwako, ukachanjwa mbili nyingine. Jumla?"

Mjumbe wa takwimu akapiga hesabu pembeni, akathibitisha kuwa ni nne.

"Mheshimiwa, figo haiji na chanjo zake kama begi la safari."

"Imeandikwa wapi kwamba haiji nazo?" Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, unaomba ya tatu na tayari unazo nne. Unataka tukurudishe nyuma?"

Fundi aliikaza barakoa yake. Kisha akasema, "Mwenzangu tuliyelazwa naye wodi moja aliipata korona. Alikaa hospitali wiki tano. Alitoka hai, lakini figo aliyopewa na mama yake ilikufa, na mama hana nyingine ya kumpa. Sikuja hapa kuwasumbua. Mdogo wangu alinipa kitu kisichouzwa dukani, nami naogopa kukipoteza. Usiku silali."

Nakiri kalamu niliiweka chini. Hata mjumbe wa takwimu aliangalia chini. Kisha Mwenyekiti akakohoa, tukakumbuka sisi ni nani.

"Suala la mwenzako halijatufikia kimaandishi," akasema.

Tukaazimia kwamba mwombaji amechanjwa kupita kiasi, apewe onyo, na kamati inamtakia afya njema.

"Asanteni," fundi akasema. "Na nyinyi jifungulieni madirisha." Akaenda zake.

Siku ya nne Mwenyekiti akalazwa. Ya tano, wajumbe watatu. Kufikia Jumapili tulikuwa chali wote saba, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa simu.

Hapo ndipo Ibara ya Kumi na Nne ya kanuni za kamati ilipotugeuka, nami ndiye niliyeitunga na kupigiwa makofi. Inasema wajumbe wakiugua, mamlaka yote yatashikwa na yeyote aliyesaini mahudhurio ya kikao cha mwisho na bado ni mzima. Nilimkusudia naibu mwenyekiti, lakini naibu alikuwa kitanda cha tatu kutoka changu. Tarishi wetu, mtu mzima mwenye kasoro ya kusoma ibara kama zilivyoandikwa, akaubeba muhuri na kuupeleka kwenye kibanda cha cherehani.

Fundi alikaa nao siku moja tu. Tarishi anasimulia kwamba alisogeza vitambaa pembeni na kumuuliza, "Walioomba wako wangapi?"

"Mia mbili na kumi na sita."

"Madaktari wao wamesemaje?"

"Wachanjwe."

"Sasa kikao cha nini?"

Akagonga muhuri barua mia mbili na kumi na sita kabla ya chakula cha mchana, ya kwake ikiwa ya mwisho. Wiki hiyo wote wakachanjwa.

Tulipopona tulikwenda kuudai muhuri. Fundi alimkabidhi Mwenyekiti kwa mikono miwili, akamuuliza kifua kinaendeleaje, kwa upole ulioniudhi sana.

"Sasa umetuachia kazi gani?" Mwenyekiti akauliza.

"Pumzikeni, mheshimiwa. Mmetoka kuugua."

Lakini Mwenyekiti si mtu wa kupumzika wakati kuna sifa za kuchukua. Aliniagiza niiandikie wizara kwamba kamati imehudumia waombaji wote kwa siku moja, tena nusu siku. Niliandika, nikaambatanisha nakala ya mahudhurio ya siku hiyo kama utaratibu unavyotaka.

Jibu limefika jana. Wizara inaipongeza kamati kwa kasi hiyo ya kupigiwa mfano. Imepitia mahudhurio, ikabaini kwamba siku hiyo hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuwepo, na imeagiza utaratibu huo uwe wa kudumu.