Ng'ombe wa Nane wa Nuria

Jumatatu, 4 Machi 1957

Salaam aleikum, shemeji Mahamed. Hujambo huko Kipini, na lile goti lako limepoa? Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa moyo. Daftari hili nitakupelekea mwisho wa juma. Usimsomee mtu.

Leo Mwalimu Jilo alikuja dukani kununua chumvi. Nikamuuliza kwa mzaha, chumvi ni nini hasa? Mwalimu haulizwi kwa mzaha. Akatoa chaki, akanichorea maduara juu ya kaunta. Atomi ya sodiamu ina elektroni kumi na moja, zimejipanga kwa mizunguko: mbili, kisha nane, na nje kabisa moja tu, pweke. Klorini anazo saba nje, na hatulii mpaka zitimie nane. Basi sodiamu humpa ile yake moja. Na kwa kuwa elektroni ni umeme wa alama ya kutoa, aliyempa mwenzake hubaki na alama ya kujumlisha, na aliyepokea huwa na alama ya kutoa. Hapo huvutana, wakashikana. Hiyo ndiyo chumvi.

Nilisahau kumpimia chumvi yake. Maana mimi nina ng'ombe mmoja. Na Nuria, yule mjane wa Kiorma ninayemtaka tangu mvua za mwaka juzi, ana ng'ombe saba.

Jumanne, 5 Machi

Nimefikiri tangu alfajiri. Watu hutuma wazee kuposa. Wazee wanakunywa chai, wanakohoa, wanazungusha maneno siku tatu. Sodiamu hakutuma mzee. Nilimuuliza Jilo kama wazee ni lazima. Akasema katika kemia, hapana. Tena anayetoa ndiye anayebaki na jumlisha! Biashara gani nyingine iko hivyo?

Jumatano, 6 Machi

Nimempeleka ng'ombe mwenyewe. Kanzu nyeupe, kofia ya Ijumaa. Nuria alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa. Nilikuwa na maneno matamu, nikayasahau yote. Nikasema tu: pokea, kwa ajili ya Mungu.

Akapokea. Akaniombea dua ndefu, mpaka marehemu mama akapata fungu lake. Akasema hajaona mtu wa Garsen anayewakumbuka wajane kabla Ramadhani haijafika. Akaniita kaka. Hilo limenichoma kidogo. Lakini nane zimetimia. Sasa nangoja mvuto.

Alhamisi, 7 Machi

Mvuto bado. Nimepita kwake mara nne. Mara ya nne aliniuliza kama nimeangusha kitu. Chai yangu leo haina maziwa.

Kisha pigo. Hared, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, yule anayelowesha tumbaku ili izidi uzito (Mungu anisamehe kwa kumsengenya, ila ni kweli), ametuma wazee watatu kwa Nuria. Hakupeleka hata kwato. Wazee, basi. Nuria amekubali.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya swala nilimnong'oneza imamu: naweza kumrudisha ng'ombe wangu? Akauliza nilitamka nini nilipomtoa. Nikamwambia. "Basi kamdai Mungu," akasema, wala hakunong'ona. Safu ya mbele yote ikacheka, msikitini. Akaniambia kama ningetuma hata mzee mmoja, hata kiziwi, yule angekuwa ng'ombe wa posa, na posa ikikataliwa hurudi. Sadaka hairudi.

Hared akanialika chai ya posa. Nilikwenda, kukataa mwaliko si adabu. Chai ilikuwa ya maziwa, mazito. Ng'ombe wangu namjua. Nilikunywa vikombe vitatu. "Kunywa, Hersi," Hared ananiambia mbele ya watu, "hapa ni kwako."

Jumamosi, 9 Machi

Nimemkabili Jilo. Nikamwambia kemia yake imemwoza Nuria kwa Hared. Alicheka hadi akakalia gunia la mchele. Akasema kwanza, atomi hazina wajane. Pili, ndani ya chembe ya chumvi hakuna wawili wawili: kila klorini amezungukwa na sodiamu sita, na kila sodiamu na klorini sita. Sita, shemeji. Angenieleza Jumatatu!

Akanishauri nitume wazee kama watu wengine. Nilikuwa karibu kumsikia. Lakini akapitiwa, akataja metali nyingine, magnesiamu. Huyo nje anazo mbili. Humpa klorini huyu moja na klorini yule moja, na wote wawili wakamshikilia.

Basi kosa langu nimeliona. Nilijifanya metali isiyonifaa.

Lul, mjane wa karibu na kivuko, ana mbuzi saba. Barwako, jirani yake, mjane pia, ana mbuzi saba. Nimewahesabu leo nikijidai natafuta njia. Mimi mbuzi ninao wawili, ndio wa mwisho. Dini inaniruhusu wake wanne, sembuse wawili. Kesho nawapeleka, bila wazee.

Tafadhali nijibu upesi kama utafika. Ni harusi mbili.