Kumbikumbi Wamenidanganya Mchana Kweupe

Leo nimejiaibisha, jamani. Tena mbele ya mama mkwe. Tena na kibuyu mkononi.

Wacha nianze asubuhi. Saa nne hivi nilikuwa uani nikianika nguo, hapa kwetu Isiolo, jua likichoma kama kawaida yake. Mara kumbikumbi mmoja akatua kwenye shuka. Nikampuuza. Akaja wa pili. Kugeuka, kichuguu kilicho nyuma ya ua kilikuwa kinawatoa kama moshi. Nikaangusha beseni na nguo zote mchangani.

Mnaonijua mnajua kwa nini. Mume wangu Wario yuko fora na ng'ombe, kambi ya mbali kaskazini ambako nyasi hazijaisha, na simu haishiki mtandao mpaka upande kilima. Miezi mitano sasa! Siku ya kuondoka aliniambia, "Habiba, usihesabu siku. Kumbikumbi wakiruka, mimi niko mlangoni." Na mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo. Mvua ilinyesha, kumbikumbi wakaruka, na alasiri ile ile akaingia na bawa moja limenasa kwenye nywele zake. Nililitoa mwenyewe. (Ninalo mpaka leo, kwenye kopo la majani chai. Msiniulize.)

Baolojia ya sekondari nilisahau yote isipokuwa somo la mchwa. Mama mmoja, kichuguu kimoja, lakini wengine wanaota mabawa na wengine hawaoti kamwe. Wasio nayo wanabaki kuchimba, kubeba na kulea. (Mwalimu hakusema kwamba alikuwa anaeleza ndoa yangu.) Wenye mabawa huruka mara moja tu maishani. Wakitua wanayaangusha, halafu dume na jike wanafuatana kutafuta shimo la kuishi, na dume hatoki tena. Leo nilichuchumaa nikawatazama wawili wakipita karibu na kidole changu cha mguu, jike mbele, dume nyuma, mabawa yao wameyaacha hapo mchangani. Nikalia. Nina hamu na mume wangu, sitaki kuficha.

Jirani yangu Nkirote akatokea na sufuria, akaanza kuwazoa. Yeye ni Mmeru, anawakaanga. Sisi hatuli.

"Mama Abdi, lakini mvua iko wapi?" akaniuliza.

"Imenyesha usiku tukilala."

"Usiku gani? Hata tone moja ikigonga mabati yangu, mimi huamka."

"Nkirote, chukua kumbikumbi yako uniache!"

Angeniambia hata mbingu ni za buluu, nisingesikia. Nikampigia mama mkwe, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. "Mama, Wario anafika leo!" Alikata simu, na kabla sijamaliza kuosha sufuria alikuwa ameshaketi uani kwangu.

Basi nikajitengeneza. Nikaoga. Nikavaa dira niliyoweka tangu Idi. Nikafukiza uunsi, ule ubani wa kwetu, mpaka mbuzi wa jirani akapiga chafya. Nyama jikoni, maji ya kuoga tayari, na kila mwanamke aliyepita nje nikamtangazia. Watatu wakaamua kubaki washuhudie. (Mimi ndiye niliyewakaribisha. Mimi mwenyewe!)

Saa nane, pikipiki ikasimama nje. Miguu mizito ikazunguka ua. Kisha lango likagongwa mara tatu, ko, ko, ko. Wario hugonga mara tatu, kwa fimbo yake. Moyo wangu ulifika langoni kabla yangu.

Sasa, kwetu mtu akitoka fora unampokea kwa maziwa kabla hajasema neno. Na mke mwenye adabu hamkodolei mumewe macho mbele ya mamake. Kwa hiyo nilifungua nikiwa nimeinamisha uso kama bibi harusi, nikaona viatu tu. Vilikuwa vimejaa matope. Matope, jamani! Nani hapa Isiolo ana matope kiangazi hiki, kama si mtu aliyetembea kwenye mvua?

"Salaam ale..." akaanza.

Nikamziba mdomo kwa kibuyu. Akanywa. Angefanya nini? Na mimi, macho chini, sauti ya asali, nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi miezi mitano: "Umekawia, mpenzi wangu. Kitanda kimekuwa kipana kama uwanja wa mnada. Angusha mabawa sasa, ukae."

Mmoja wa wale wanawake akakohoa. Nikainua macho.

Kijana mwenye ovaroli, spana mkononi, maziwa kwenye sharubu.

"Asante, mama," akasema kwa heshima kubwa. "Lakini mimi ni fundi ya maji. Nimekujia hiyo bomba imepasuka hapa nyuma, chini ya kichuguu. Maji imemwagika tangu jana mpaka nimeingia matope hapo nikiitafuta."

"Si ni mimi nilimpigia!" Nkirote akapaza sauti juu ya ua. "Nilikuuliza mvua iko wapi!"

Kumbe kumbikumbi hawakuona wingu wala radi. Waliona maji ya bomba wakadhani ni masika. (Tulikuwa wengi tulioamini.)

Wale wanawake walicheka wakashikana. Mama mkwe alicheka mpaka akakalia mtungi wa plastiki. Halafu akanyamaza, akajifuta macho kwa mtandio, na ndipo nikaona ni ule mtandio wake wa Idi.

"Hata mimi nilimwona," akasema polepole. "Hujafungua lango bado, mimi nimeshamwona mtoto wangu."

Nikaketi karibu naye.

"Mpe huyo fundi chakula," akaniambia. "Nyama hairudi kwa mbuzi."

Fundi akaziba bomba, akala sahani mbili, akaondoka bila kuniangalia usoni. Uani pamebaki mabawa matupu, na mimi sijayafagia.

Msicheke. Na kama kuna mmoja wenu huko kaskazini anayepanda kile kilima chenye mtandao, amwambie Wario kumbikumbi wamesharuka nyumbani. Habari za bomba asiambiwe.