Uvimbe Nilioufuta kwa Kitufe

Jumatatu, 14 Julai 2025. Newala.
Nimepakua programu ya kusafisha picha za MRI. Bure! Wanaitumia maprofesa. Sasa na mimi, Uwesu, mwenye duka la fotokopi jirani na soko. Tangazo limeshabandikwa: TUNASOMA PICHA ZA KICHWA, MGONGO NA KADHALIKA. Selestina, mtaalamu wa eksirei hospitalini, kapita, kalisoma, kauliza nimesomea wapi. Nikamwambia bando langu ni la mwezi mzima.

Jumanne, 15 Julai
Mteja wa kwanza! Shangazi yangu, Bi Zabibu. Kaleta sidii ya kichwa chake, alipigwa picha Dar. Ana uvimbe nyuma ya jicho, saizi ya korosho. Madaktari wanamtaka arudi wiki hii wampasue. Anaogopa kisu. Roho imeniuma.

Programu ina kitufe cha kulainisha picha. Nikabonyeza. Korosho ikawa kunde. Nikabonyeza tena, na tena. Ikatoweka! Shangazi kanibusu mikono, kaenda kurudisha tiketi ya basi. Nani anahitaji kisu?

Jumatano, 16 Julai
Nani kamtuma shangazi akajisifu kwa Selestina? Wamekuja wote wawili. Selestina kaiweka sidii ileile kwenye kompyuta yangu. Korosho ipo palepale.

"Uwesu, umefuta picha. Kichwani hujafuta kitu."

Nikasema programu yangu ni toleo jipya. Akasema uvimbe haujui matoleo. Huyu dada!

Shangazi hakunigombeza. Kaniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa unajua?" Nikajibu kwamba picha ilitoka nzuri sana. Akachukua sidii yake. Kesho alfajiri anapanda basi, na atakayembebea begi ni Selestina. Mimi sikuombwa. Sawa tu!

Ijumaa, 1 Agosti
Shangazi kapiga simu. Wamempasua salama. Jicho linaona, uji anakunywa mwenyewe. Nimekaa chini nyuma ya mashine ya fotokopi, nikalia kidogo. Hakuna aliyeona. Kabla ya kukata simu aliniapisha: nisiguse tena picha ya kichwa cha mtu. Nikaapa, wallahi.

Saa tisa alasiri kaingia Yohana, mkulima wa Lukuledi, anachechemea, sidii mkononi. Hospitali wamemwambia goti lina ufa, asilime miezi mitatu. Nimemvutia kiti.

Goti si kichwa!