Kumtangulia Ognyan

Jumatano, 8 Januari
Goti langu bovu limetulia. Moyo haujatulia. Huu ni mwaka wa tano sasa, kila Jumamosi ya majira ya baridi, tunakimbia njia ya msituni kupanda mlima Vitosha mpaka kwenye kibanda cha wapanda mlima: mimi, Nevyana wa duka la dawa, na Ognyan, fundi wa lifti. Mara zote Ognyan hufika kwanza. Husimama mlangoni na chai mkononi kama mwenye nyumba. Jumamosi iliyopita aliniambia mbele za watu kwamba walidhani nimeoa huko njiani. Nevyana alicheka mpaka akashika ukuta. Jumamosi hii atakayesimama mlangoni ni mimi. Nimeapa.

Alhamisi, 9 Januari
Mazoezi kwenye ngazi za jengo letu, ghorofa nane, nikiwa na njumu zangu za barafuni, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu. Safari ya tatu, mama Stoyanka wa ghorofa ya nne akafungua mlango, akauliza kama nimenunua farasi. Nikamwambia ni mazoezi. Akasema marehemu mumewe naye alianza hivyo hivyo. Nikarudi ndani. Kwa miguu, Ognyan simuwezi. Imebaki akili.

Ijumaa, 10 Januari
Akili imefanya kazi! Nimempigia Ognyan mchana. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiye na haja, kuwa nimeongea na mtu aliyeshuka jana: barafu yote imeyeyuka, njia ni tope tupu, njumu ni mzigo wa bure. Akanishukuru. Akaniita ndugu yake. Dhamiri ikanichoma. Nikala bakuli mbili za supu ya maharage, ikanyamaza.

Jumamosi, 11 Januari
Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Sababu inakuja.

Tulianza saa mbili asubuhi. Njia ilikuwa kioo. Sikuthubutu kutazama miguu ya mtu. Nilichomoka, njumu zikiuma barafu, na kwenye kona ya tatu sikusikia tena pumzi nyuma yangu.

Halafu ukungu. Misonobari imevaa nyeupe mpaka kwenye ncha, haitikisiki. Theluji ilidondoka matawini bila sauti, kama mtu anayejivua shuka usingizini. Sikujua tena kama napanda au naelea. Nikasahau goti. Nikamsahau hata Ognyan. Mara ukungu ukaisha, nikatokea juani, na chini yangu mawingu yametandaa kama maziwa bakulini. Mji mzima wa Sofia umezama humo, pamoja na ofisi yangu.

Kibandani, wa kwanza! Nikanunua chai, nikasimama mlangoni, nikaandaa la kusema. Dakika kumi. Ishirini. Chai ikapoa. Dakika ya arobaini utani wangu ulikuwa hauchekeshi tena. Nikashuka mbio.

Niliwakuta karibu na kona ya tatu. Nevyana ameketi kwenye theluji, mkono ameukumbatia kifuani, uso umempauka. Ognyan amepiga magoti mbele yake, anamvalisha njumu. Njumu zake mwenyewe. Alikuwa nazo mkobani tangu asubuhi, ila hakutaka kumwacha nyuma Nevyana asiye na zake. Miaka yote hii ananijua, hakuniamini hata kidogo. Ila jana jioni alimpigia Nevyana ili wacheke pamoja habari zangu. Nevyana hakucheka. Aliziamini.

“Lyuben,” Nevyana akaniuliza, “kweli kuna mtu alishuka juzi?”

“Hakuna,” nikasema. “Nilitaka nifike kwanza.”

Nikasubiri tusi. Halikuja. Nevyana akafuta pua kwa glavu.

“Haya. Sasa tuambie, huko juu kukoje?”

Nikavua njumu zangu, nikampa Ognyan. Wao wakashuka wameshikana. Mimi nilishuka kwa makalio, kilomita mbili nzima, huku nikiwasimulia misonobari, jua, mawingu ya maziwa. Ognyan hakunitania hata mara moja. Mahali fulani alisimama, akaniomba nirudie pale mji ulipozama. Nikarudia. Tulikwenda kama watu wanaoota ndoto moja.

Kifundo cha mkono wa Nevyana kimeteguka, hakikuvunjika. Suruali yangu ndiyo haipo tena.

Jumatatu, 13 Januari
Bado nakaa upande. Nevyana ameandika: mkono ukipata nafuu, twende watatu bega kwa bega, polepole, tufike mlangoni pamoja. Ognyan amekubali, na ameahidi kuniletea suruali yake ya zamani. Nimesoma mara tatu. Machozi yakanilenga.

Kisha nikaelewa. Ognyan akubali kwenda polepole? Ognyan? Mtu huyu ananiogopa!

Nimewajibu kwamba nawapenda, na kwamba bega kwa bega ndicho hasa nilichokuwa nacho moyoni. Siku hiyo wao wataanza saa mbili. Mimi nitatega kengele ya saa kumi na moja alfajiri.